Mama Bravin na Bomba Linalolia

Kule kwetu Mashimoni, kwenye mteremko ulio juu ya Ndabibi, watu hawaulizani habari ya asubuhi. Wanaulizana, "Limelia?" Ukijibiwa "Limelia," unachukua mtungi wako unateremka. Ukijibiwa "Linalialia tu," unarudi jikoni kuchochea moto na kungoja. Mgeni akitusikia anaweza kudhani kila nyumba ina mtoto mgonjwa. Linalolia ni bomba la maji, na mwenye kulitunza ni Truphosa, mke wa kaka yangu Ephantus, ambaye sote tunamwita Mama Bravin kwa jina la kifungua mimba wake.

Nieleze bomba lenyewe kwanza, maana bila hilo hamtauelewa ujinga nilioufanya. Mlima wetu una nyufa zinazotoa mvuke mchana na usiku. Zamani za walowezi, mzungu mmoja aliyefuga ng'ombe hapa alichomeka bomba la chuma kwenye ufa mkubwa kuliko zote, akalilaza kwenye mteremko hatua arubaini kwenda chini. Mvuke unaingia juu ukiwa moto, unapita ndani ya chuma kinachopigwa na baridi, unageuka maji, na maji yanadondokea kwenye tangi; kudondoka huko ndiko tunakoita kulia. Basi. Hakuna injini, hakuna swichi. Mzungu alienda zake, ng'ombe wakaenda, bomba likabaki, na nyumba kumi na nne zinakunywa hapo mpaka leo.

Sisemi kwamba hakuna maji mengine. Kisima kilichochimbwa kule chini Ndabibi kina maji ya kutosha shule na soko, na ni safi kwa macho. Lakini yana floridi nyingi, na mtoto anayekua akiyanywa, meno ya utu uzima humtoka yakiwa na rangi ya kahawia isiyosuguliwa ikaisha. Mama Bravin hakuambiwa hayo na mtu. Alizaliwa Free Area, Nakuru, mjukuu wa mfanyakazi wa reli aliyetoka magharibi, na kisima cha pale plotini kwao kilimwachia alama yake mdomoni. Ephantus alipomleta nyumbani, sisi dada zake tulimtazama meno kabla ya kumtazama macho. Mimi ndiye niliyemtungia jina la Meno. Sijitetei. Nilikuwa na ulimi mchafu na bado ninao, ingawa siku hizi nauosha. Yeye alikuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, nasi tukasema ana maringo ya mjini.

Mwaka wake wa kwanza alishinda akilitazama bomba. Sisi wenyeji tulikuwa tunateka tu. Yeye akauliza kwa nini linalia sana alfajiri na saa saba linanyamaza. Tukamjibu ndivyo lilivyozoea. Jibu hilo halikumtosha. Akachukua panga akafyeka vichaka vyote vya pembeni, upepo ulipige bomba bila kizuizi. Akauziba mdomo wa ufa kwa mawe na udongo wa mfinyanzi, mvuke usitoroke kando. Jua likiwa kali, alilitandikia magunia aliyoyalowesha kwa maji ya dimbwi, yale ambayo hata mbuzi huyanusa kwanza, ili chuma kipoe. Mitungi ikaanza kujaa kabla watoto hawajaenda shule. Nilipomuuliza anajisumbulia nini, alikuwa na mimba ya Bravin, akaishika akasema, "Huyu atacheka mdomo wazi."

Na kweli, Bravin sasa yuko chuoni Njoro na anacheka mdomo wazi hata mahali pasipofaa, kama kwenye mazishi. Waliomfuata ni hivyo hivyo. Kitinda mimba, Shiru, ana miaka mitano. Meno yake ya utotoni ni meupe, na yale ya kudumu bado yamo ndani ya ufizi yanajijenga. Hayo ndiyo Mama Bravin anayoyahesabu kuwa kazi iliyobaki. Ukimwambia apumzike, anakujibu atapumzika Shiru akifika darasa la nne.

Sasa nije kwenye kosa langu. Miaka miwili iliyopita kampuni moja ilikuja upande wa pili wa kilima kuchimba mvuke wa kutengeneza stima. Sina ugomvi nayo. Wapwa zangu wawili walipata kazi huko, na nyumbani kwangu sasa nawasha taa kwa kidole. Wakatuambia kwamba sisi ni majirani, tukiwa na shida tuandike barua. Mimi niliwahi kuwa karani wa kiwanda cha mbao kule Elburgon, kwa hiyo barua zote za kijiji ni zangu, na kamati ya maji ilinifanya katibu bila hata kura. Wakati huo vipande viwili vya bomba vilikuwa vimeoza kwa kutu na mvuke ulikuwa unapotea njiani. Nikakaa mezani, nikaandika: "Bomba letu linalia kidogo sana siku hizi. Tunaomba mtusaidie." Nikaisoma mara mbili, nikaipenda, nikaipeleka.

Ikapita miezi bila jibu. Kisha Jumamosi moja ya mwezi wa pili Mama Bravin akaondoka kwenda Free Area kumwona mama yake, ambaye alikuwa anasumbuliwa na magoti. Aliniita Katibu, kama anavyoniita akitaka kunitania.

"Katibu, bomba nakuachia. Magunia saa nne na saa nane. Na usilale."

Jumatatu kampuni ikaja. Aliyetumwa ni mhandisi aitwaye Micah, kijana mrefu, mpole, mwenye buti safi, pamoja na mafundi wanne na lori lenye mikeka minene ya sufi na mabati mepesi yanayong'aa. Micah alitembea kando ya bomba kutoka juu hadi chini. Akayainua magunia yangu kwa vidole viwili, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Pole, mathe. Naona mmejaribu na magunia."

"Tumejaribu, kijana wangu."

"Sasa acha tuwafanyie kitu ya maana."

Nao walifanya. Waliondoa vile vipande viwili vilivyooza wakaweka vipya, na kwa hilo nawashukuru. Kisha wakalivika bomba lote, kuanzia kwenye ufa hadi kwenye tangi, sufi nene na juu yake bati, wakakaza kwa skrubu. Lilimeremeta mpaka watu wa ng'ambo wakaja kupiga picha nalo. Nami nilipiga, nimefunga kitambaa kipya. Jioni Micah akanipa mkono, amefurahi kama mtu aliyemaliza nyumba yake.

"Sasa hiyo bomba haitalia tena, mathe."

Nilisikia. Masikio yangu ni mazima, nilisikia kila neno. Lakini mtu aliyesoma akikwambia jambo akiwa amesimama mbele ya kitu kinachometa, kichwa chako kinakubali chenyewe. Nikamwambia Mungu ambariki.

Jumanne asubuhi watu waliulizana "Limelia?" na hakuna aliyejibu. Halikutoa hata tone. Badala yake mvuke wenyewe ulikuwa unatoka kwenye mkia wa bomba, mwingi na wa moto, na usiku ule ulikuwa umeukunja mdomo wa tangi la plastiki ukalegea kama chapati. Mzee Nderitu, mwenye shamba la viazi linalopakana na ufa, akatangaza kwamba kampuni imeunyonya mlima kutoka upande ule mwingine na kwamba kilichobaki ni hewa. Tulimwamini sote. Hakuna aliyefikiria bati.

Alasiri akaja afisa wa usalama wa kampuni, mama mmoja anayeitwa Jepkemei, asiyecheka ovyo. Alilitazama tangi, akautazama mvuke, akasema huo utamchoma mtoto. Hakukosea. Uamuzi wake ulikuwa kwamba Ijumaa saa tatu ufa uzibwe kwa saruji, na kampuni ituvutie maji ya kisima cha Ndabibi hadi kila mlango. Watu walikuwa na kiu na wamechoka, wakakubali palepale. Mimi pia niliitikia. Ndani yangu nilikuwa nataka kujificha chini ya kitanda, kwa sababu Mama Bravin alikuwa anarudi siku ya pili, na nilijua maji ya Ndabibi yangekuta meno ya Shiru bado yanajengwa.

Alifika Jumatano saa sita. Nilimsimulia yote nikiangalia viatu vyake. Nilitegemea atanifokea, na angenifokea ningepata nafuu. Aliweka mkoba chini tu, akaenda moja kwa moja kwenye bomba, akaweka kiganja juu ya bati. Akasogea hatua tano, akaweka tena. Kisha akaniita.

"Weka mkono hapo."

Nikaweka. "Ni baridi," nikasema.

"Na ndani?"

"Ndani si ni moto."

"Sasa baridi iko nje, moto iko ndani, na katikati mmeweka blanketi. Hizo vitu mbili zitakutana wapi?"

Nilikuwa bado naitafakari ile blanketi alipouliza niliandika nini hasa kwenye ile barua. Nikamwambia neno kwa neno. Akayarudia polepole, linalia kidogo sana, tunaomba mtusaidie, halafu akaketi juu ya jiwe akacheka mpaka mabega yakatetemeka.

"Katibu, umeambia daktari mtoto analia. Amemnyamazisha."

Mimi sikucheka. Nilimwambia nimeona aibu, na kwamba meno ya yule mtoto yakiharibika ni mimi nimeyaharibu, baada ya kuwa nimemtukana mama yake kwa meno hayo hayo. Sikuwa nimewahi kumwomba radhi kwa lile jina. Lilinitoka hapo, miaka ishirini na mmoja baadaye, mbele ya bomba. Akapangusa macho. Akasema jina lile alilijua tangu wiki ya kwanza, na kwamba mimi ndiye wa pekee niliyekuwa nikilisema kwa sauti ya kusikika, kwa hiyo aliniona nina afadhali kidogo. Kisha akanituma nimwalike Micah chai.

Micah akaja Alhamisi alasiri. Jikoni tulikuwa wanne: yeye, mimi, Mama Bravin, na Ephantus ambaye akiwa na kikombe cha chai haongei mpaka kiishe. Kijana wa watu alikuwa amehuzunika. Alidhani ametuharibia kitu lakini hakuona ni kipi.

"Kwa kazi yetu, mathe, bomba ya mvuke bila koti ni dhambi," alisema. "Joto ikipotea, stima imepotea. Tukipata maji ndani ya bomba, kuna mtu ataitwa ofisini."

"Na mimi nikikosa maji ndani ya bomba?"

Micah akaweka kikombe chini.

"Yale magunia," Mama Bravin akaendelea, "ulifikiria ni ya nini?"

"Si mlikuwa mnaifunika isipoe?"

"Tulikuwa tunayamwagia maji ndio ipoe."

Kwenye jiko kulikuwa na sufuria mbili za maji yanayochemka, zimefunikwa. Mfuniko mmoja Mama Bravin alikuwa ameuvika blanketi ya Shiru iliyokunjwa mara nne. Mwingine alikuwa ameutandikia kitambaa kibichi. Akamwambia Micah anywe chai yake taratibu, na mara mbili akakibadilisha kile kitambaa kwa kingine cha baridi. Kikombe kilipokwisha, akaishika mifuniko akaiinamisha juu ya bakuli, mmoja baada ya mwingine. Ule wa blanketi ulitoa matone ya kuhesabika. Ule wa kitambaa ulimwaga.

Micah akainamia bakuli.

"Nimesoma hii kitu," akasema. "Nimeifanyia mtihani."

"Ulipita?"

"Nilipita vizuri."

"Basi."

Akaanza kucheka mwenyewe, cheko la mtu aliyejikuta amevaa shati ndani nje. Akatuambia hata kule kwao kuna mahali mvuke ukishazungusha mashine hupozwa ukawa maji, na mahali hapo panaitwa kondensa. Alikuwa amepapita kila siku kwa miaka mitatu.

"Na hiyo mnaivalisha koti?" Mama Bravin akauliza.

"Hapana."

"Inavaa nini?"

"Haivai kitu."

"Kumbe," akasema Ephantus, na akaomba kikombe cha pili.

Shida iliyobaki haikuwa ya elimu. Lori la saruji lilikuwa limeshaagizwa, na Micah hakuwa na ruhusa ya kubomoa kazi aliyoitia sahihi yeye mwenyewe. Alikaa akizungusha kikombe. Nilimwona anapima kazi yake na maji yetu, na sikuwa na la kumsaidia. Mwishowe akasema atakuja alfajiri na skrubu-draiva, na wa kuulizwa atakuwa yeye. Tukapatana hivi: Jepkemei akifika saa tatu akakuta bomba linalia na mvuke hauchomi, atakuwa na cha kufikiria. Akikuta vile vile, ufa utafungwa.

Ijumaa alikuja saa kumi na moja na fundi mmoja. Mama Bravin alikuwa ameshawagawia watu soksi kuukuu wavae mikononi, maana ile sufi inawasha kuliko upupu. Nyumba zote kumi na nne zilitoka, hata Nderitu, aliyekuja kuthibitisha kwamba haitawezekana. Tulianzia juu kwenye ufa tukateremka. Skrubu, bati, sufi, skrubu, bati, sufi. Saa moja bomba lilikuwa uchi tena, jeusi na baya kama zamani, na nilifurahi kuliona.

Lakini halikulia. Chuma kilikuwa kimeshikilia moto siku nne na hakikutaka kuuachia. Upepo wa kutoka upande wa Mau ulikuwepo, hafifu. Jua lilikuwa linapanda, na kila mtu alijua kwamba likishapanda hatuna asubuhi nyingine. Saa mbili tukasikia lori likibadilisha gia kule chini kwenye kona. Nderitu akasema, "Niliwaambia."

Mama Bravin alikuwa anatembea kando ya bomba akiligusa hapa na pale kwa mgongo wa mkono. Alifika chini, akageuka.

"Dimbwi," akasema. "Magunia yote. Kila mtu."

Tukajipanga kutoka dimbwini hadi kwenye bomba, ndoo zikipita mkono kwa mkono, na tulilimwagia maji yale ya mbuzi mpaka chuma kikaacha kufoka. Micah alikuwa katikati ya mstari, buti zake safi zimekwisha habari. Tulitandika magunia, tukamwaga tena. Mvuke wa kwenye mkia ulipungua kidogo, ukapungua tena. Tone moja likaanguka. Nililiona likianguka, na sikuamini mpaka la pili. Kisha likaja uzi, na uzi ukanenepa hadi unene wa kidole, na watoto wakaanza kupigiana kelele kutoka nyumba hadi nyumba: "Limelia! Limelia!" Mimi nililia pia, bila haya, nikiwa na soksi za Ephantus mikononi.

Mama Bravin hakuacha mtu anywe. Maji ya kwanza humwagwa, ndivyo anavyofanya kila mara akilisafisha. Akayaacha yakimbie chini mpaka yakawa maangavu, ndipo akaweka ndoo. Lori likawasili, na Jepkemei akashuka kutoka gari dogo lililokuwa nyuma yake. Aliyaona mabati yaliyorundikwa, akaniona mimi na soksi zangu, akamwona mhandisi wake akiwa na matope hadi magotini. Akaenda kwenye mkia wa bomba, akaweka mkono mbele ya ule mvuke mdogo uliobaki, akauacha pale kwa muda mrefu.

"Haichomi," akasema.

"Haichomi, madam," akasema Micah.

"Nani ametoa hii koti?"

"Ni mimi."

Akachukua maji kwa kiganja, akayanywa. Akayanywa tena. Akasema hawezi kuirudisha saruji ya watu bila karatasi, kwa hiyo Micah akalete fomu ya ukaguzi wa mabomba, waijaze hapo hapo. Ikatandazwa juu ya boneti ya gari. Tulimzunguka Micah wote, naye akawa anasoma kila sehemu kwa sauti na kuandika. Urefu wa bomba. Hali ya viungo. Hatari kwa watu. Akafika mahali palipoandikwa "Joto linalopotea," kalamu ikasita. Akamtazama Mama Bravin. Akaandika: Lote.

Mstari uliofuata ulikuwa "Hatua za kuzuia upotevu." Hapo akaandika: Lisizuiwe.

Jepkemei aliisoma, akamtazama yule kijana, akaisoma tena, kisha akaanza kupapasa mifuko yake akitafuta kalamu ya kutia sahihi. Mama Bravin akainama juu ya boneti, Shiru amemshika sketi.

"Ongeza hapo," akasema. "Andika, alfajiri ndio inapotea vizuri."

Micah akaongeza.